Ibnul Haytham, Mwanachuoni Aliyelipima Jicho



Mtoto wa mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, akizungusha pia yenye mistari ya rangi mbalimbali, huiona mistari ile ikichanganyika ikawa rangi moja. Baba yake akipanda gari kwenda Nakuru, huiona miti ya kando ya njia ikikimbia kurudi nyuma. Na usiku wa mawingu mepesi, nyumba nzima hutoka uani ikauona mwezi ukienda mbio, kumbe yanayokwenda mbio ni mawingu. Mambo haya kila mtu huyaona, na wengi huyapita. Lakini alikuwako mwanachuoni mmoja, yapata miaka elfu sasa, ambaye hakuyapita. Aliyapanga, akayapima, akauliza sababu zake. Leo tunapenda kuwaeleza khabari zake.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Abu Ali Al-Hasan bin Al-Hasan bin Al-Haytham. Alizaliwa Basra, katika nchi ya Iraq, yapata mwaka 354 wa Hijra, yaani 965 wa Miladi. Watu wa Ulaya walimjua kwa jina la Alhazen, ambalo ni Al-Hasan lililogeuzwa na ndimi zao. Alisoma hisabati, elimu ya nyota na falsafa.

KUITWA KWAKE MISRI

Ibnul Qifti, mwandishi wa tarehe aliyefariki mwaka 1248, amesimulia kwamba Ibnul Haytham alinena kuwa lau angekuwa Misri, angeufanyia mto Nile kazi ya kuwafaa watu wakati wa kujaa kwake na wakati wa kupungua kwake. Maneno hayo yakamfikia Al-Hakim bi Amrillah, aliyetawala Misri tangu mwaka 996 hata 1021, naye akamwita.

Akaenda na mafundi mpaka Al-Janadil, karibu na Aswan. Njiani aliyatazama majengo ya watu wa kale, akaona jinsi vipimo vyake vilivyo sawasawa. Hapo akafahamu kuwa, lau jambo lile lingewezekana, watu wenye ujuzi kama huo wangekwisha kulifanya. Alipoufika mto na kuupima, yakamthibitikia. Basi akarudi akakiri kwamba amekosea.

Kukiri kosa mbele ya mtawala yule hakukuwa jambo dogo, kwani Al-Hakim alijulikana kwa kuwaua watumishi wake kwa ghadhabu ya ghafula. Ibnul Haytham akapewa kazi katika ofisi, akaishika kwa khofu. Mwisho akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikashikwa, naye akafungiwa nyumbani mwake, mpaka Al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Ndipo akaudhihirisha uzima wa akili yake, akakaa karibu na msikiti wa Al-Azhar, akipata riziki yake kwa kunakili vitabu vya hisabati kwa mkono. Inasemwa kwamba nakala za mwaka mzima zilimpa dinari 150, na hizo zikamtosha.

KITABU CHAKE

Katika vitabu vyake vingi, kilicho mashuhuri zaidi ni Kitabul Manadhir, chenye juzuu saba, kinachoeleza elimu ya kuona. Wayunani wakubwa, kama Euclid na Ptolemy, walishika kwamba jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu. Ibnul Haytham aliwaheshimu, lakini hakuwafuata kwa kuwa tu ni wakubwa. Alitazama jinsi mwanga mkali unavyoliumiza jicho, akajaribu mwanga katika chumba cha giza chenye tundu, akathibitisha kuwa nuru ndiyo inayotoka kwenye kitu na kuingia jichoni.

Ama mwendo, alifundisha kuwa hauonekani kwa jicho peke yake. Jicho hukipata kitu mahali pamoja, kisha mahali pengine, kwa kukilinganisha na vitu vilivyo karibu nacho. Na baina ya nyakati mbili hizo lazima upite muda unaohisika. Nguvu ya akili ndiyo inayounganisha na kuhukumu kuwa kitu kimekwenda. Kwa hiyo muda ukiwa mfupi mno, hukumu hukosea, na pia inayozunguka kwa kasi sana hudhaniwa imesimama. Na kilinganisho kikikosewa, mwezi huonekana ukikimbia nyuma ya mawingu, na aliye chomboni huona miti ya ukingoni ikienda.

Maulamaa wa zama zetu wameongeza mengi. Mwaka 1973 Gunnar Johansson wa Sweden alitia taa ndogo katika viungo vya mtu gizani. Mtu yule akisimama, watazamaji waliona nukta tu. Akitembea, mara walimtambua kuwa ni binadamu. Sisi wa Eldoret hatustaajabu, maana tunawajua wakimbiaji wetu kwa mwendo, kabla ya kuziona nyuso zao. Na mwaka 1983 ilielezwa khabari ya mwanamke wa Ujerumani aliyeharibika sehemu ya nyuma ya ubongo. Macho yake yaliona rangi na sura, lakini mwendo ulimpotea. Chai aliyoimimina aliiona imeganda kama barafu, na gari lililokuwa mbali aliliona ghafula limekwisha kumfikia. Hapo ndipo ilipobainika kwamba kuona mwendo ni kazi yenye mahali pake khasa ndani ya ubongo.

KUFARIKI KWAKE

Alifariki Cairo yapata mwaka 430 wa Hijra, yaani kiasi cha 1040. Kamaluddin Al-Farisi alikisherehesha kitabu chake, na tafsiri yake ya Kilatini ilipigwa chapa Basel mwaka 1572.

Ndugu zetu, aliyefundisha kuwa jicho hukosea ndiye aliyekiri kuwa yeye mwenyewe alikosea, na pale kukiri kungeweza kumpotezea roho. Katika kitabu chake cha kumpinga Ptolemy alihimiza kwamba mtafuta haki azichunguze kauli za maulamaa, na ajituhumu nafsi yake vilevile. Basi tuwazoeze watoto wetu kuuliza, tangu wakiwa na pia zao mikononi, wala tusiwakemee wakituuliza sisi. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.