Hayati Askofu Bengt Sundkler na Mama Ingeborg: Wageni Waliojua Kukabidhi



Kamati ya jarida letu iliniomba niandike juu ya mtu mashuhuri aliyeacha alama katika sehemu zetu za Bukoba na Muleba. Nimemchagua hayati Askofu Bengt Sundkler, na pamoja naye mkewe, Mama Ingeborg. Nilikutana na jina lake nikiwa Chuo Kikuu, nilipokishika kitabu chake kiitwacho Bara Bukoba. Nilishangaa kuona mambo ya nyumbani kwetu, wakama wetu, koo zetu na migomba yetu, yameandikwa kwa uangalifu na mtu aliyezaliwa kwenye theluji.

Alizaliwa tarehe 7 Mei 1909 katika jimbo la Västerbotten, kaskazini mwa Sweden. Alisoma theolojia Uppsala, akapata shahada ya udaktari mwaka 1937, kisha akatumwa Afrika Kusini, katika nchi ya Wazulu. Huko alifanya jambo ambalo wamisionari wengi wa enzi hizo hawakulijali. Aliketi na viongozi wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, akawasikiliza. Kitabu alichokitoa mwaka 1948 juu ya manabii hao kilimpatia sifa katika vyuo vikuu vya dunia.

Mwaka 1942 familia hiyo ilihamia Bukoba. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wamisionari wa Kijerumani wa Bethel, ambao walifika Buhaya mwaka 1910, walikuwa wameondolewa na serikali ya Kiingereza, na Kanisa la Sweden likaombwa kusaidia. Mtu angedhani kwamba Sundkler alikuta kundi lisilo na mchungaji. La hasha. Alikuta Wakristo waliokuwa wakijiendesha. Tena hiyo haikuwa mara ya kwanza, maana katika Vita Kuu ya Kwanza pia Wajerumani waliondoka, na Wahaya wakaendelea na ibada zao. Na hata kabla ya Mjerumani wa kwanza wa Bethel kufika, walikuwako Wahaya waliojifunza kusoma Injili Buganda wakairudisha nyumbani. Basi Sundkler aliliona hilo mapema: kanisa hili lina wenyewe, na yeye ni mgeni.

Mgeni wa Buhaya hupewa kahawa ya kutafuna kabla ya kuulizwa shida iliyomleta. Anayeharakisha mazungumzo haambiwi kitu. Sundkler alikuwa na subira ya kutafuna kahawa hiyo. Alijifunza habari za watu kwa kuwauliza wazee na wachungaji: waliitwaje, kwa nini waliamini, na hata waliota ndoto gani. Wengine wangezicheka ndoto hizo. Yeye aliziandika, kwa sababu aliyeziota alizichukua kuwa sauti ya kweli iliyomwita. Miaka hiyo pia Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ulikuwa umeingia Buhaya, na nyumba nyingine ziligawanyika kati ya walokole na wasiokuwa walokole. Kuishi katikati yao kulihitaji masikio zaidi kuliko mdomo.

Mwaka 1945 walirudi Sweden, na mwaka 1949 Sundkler akawa profesa wa historia ya kanisa huko Uppsala. Hapo maisha yake yangeweza kwisha kwa raha, katikati ya vitabu na wanafunzi. Lakini mwaka 1961 Kanisa la Kiinjili la Buhaya lilimwita awe askofu wake wa kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 52. Aliacha kiti cha uprofesa kwa muda, akarudi Bukoba.

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Tarehe 9 Desemba ya mwaka huo huo Tanganyika ilipata Uhuru. Nchi nzima ilikuwa ikiwaweka wananchi katika viti vya wakoloni, na kanisa la Buhaya lilikuwa likimweka Mzungu katika kiti kipya. Jambo hilo lingeweza kuleta manung'uniko ya haki. Ama askofu huyo angekuwa daraja la kuvukia, ama angekuwa ukuta.

Kazi ya kila siku haikuwa nyepesi. Wakati huo Muleba ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Bukoba, na mkoa ulikuwa haujaitwa Kagera. Eneo la askofu lilitoka mjini kando ya ziwa, likapanda nyanda za Kamachumu mpaka hospitali ya kanisa ya Ndolage, likaendelea hadi shule na sharika za mbali. Kulikuwa na vipaimara, mashauri ya wachungaji, fedha za shule na barua za ng'ambo. Kisha yalikuja mambo ambayo hakuna chuo kinachoyafundisha. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, wasichana walianza kucheka bila kuweza kujizuia, na wengine kulia. Watu wakauita ugonjwa huo enwara yokusheka. Kufikia tarehe 18 Machi wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Ilifunguliwa Mei, ikafungwa tena Juni, na ugonjwa ukaenea vijijini. Madaktari hawakupata sumu wala mdudu. Hayo yote yalitokea katika mwaka wa kwanza wa Uhuru, ndani ya eneo la askofu mgeni.

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, na Buhaya ikawa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Mwaka uliofuata Sundkler aling'atuka. Aliyepokea uaskofu mwaka 1964 ni Josiah Kibira, mwana wa Buhaya mwenye miaka 39. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, Kibira alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na nimeshuhudia makabidhiano mengi ya ofisi. Wapo wakubwa wanaokabidhi funguo na kuficha majalada. Wapo wanaostaafu, na kila wiki wanapiga simu kuuliza nani kahamishwa. Sundkler alikaa kama miaka mitatu tu. Alirudi kufundisha Uppsala, na ofisi ya Bukoba akawaachia wenyewe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko vitabu vyake vyote.

Juu ya Mama Ingeborg nina neno moja. Majalada ya vitabu yana jina la mume peke yake. Lakini kila anayejua nyumba ya mchungaji katika sehemu zetu anajua kwamba mlango wake haufungwi, na anayepokea wageni, wagonjwa na wenye kesi si mume aliyeko safarini. Mama huyo alihama kutoka Sweden hadi kwa Wazulu, na kutoka huko hadi kwetu, wakati wa vita. Tunapomtaja Baba Askofu, haki inatudai tumtaje na yeye.

Bara Bukoba kilitoka kwa Kiswidi mwaka 1974 na kwa Kiingereza mwaka 1980. Sundkler alifariki Uppsala tarehe 5 Aprili 1995, na kitabu chake kikubwa cha historia ya kanisa katika Afrika, chenye kurasa zaidi ya 1,000, kilikamilishwa na Christopher Steed na kutolewa mwaka 2000.

Vijana, historia yetu iliandikwa na mgeni kwa sababu aliuliza. Wazee wa Kamachumu, Kashasha na Kashozi hawajaisha wote. Likizo ijayo chukueni daftari mkawaulize, na kama mtapewa kahawa ya kutafuna, msiharakishe.