Bushiri, Bashiri, Abushiri: jina moja, mtu mmoja aliyenyongwa Pangani

Wadau, kama mmesoma historia ya sekondari mnamkumbuka Abushiri. Mwalimu aliandika ubaoni vita vya Abushiri, 1888 mpaka 1889, mkakariri, mtihani ukapita. Sasa wengi wanadhani jina lake ni Abu Shiri, yaani baba wa mtu anaitwa Shiri. Hapana bwana. Hakuna Shiri hapo.

Waarabu wanamwandika Bashir bin Salim al-Harthi. Watu wa Mrima wakalitamka Bushiri, Wajerumani wakaandika Buschiri, vitabu vyetu vikabaki na Abushiri. Maana yake ni mleta habari njema. Hata kwenye Kiswahili neno lipo: ukibashiri matokeo ya Simba na Yanga unatumia herufi zile zile tatu, b-sh-r. Na mtangazaji akisema matangazo ni mubashara, naye yumo humo humo, maana Waarabu kwa herufi hizo wanaita ngozi bashara na mwanadamu bashari. Mubashara ni kitu kinachokugusa moja kwa moja, bila mtu katikati. Kwa Waislamu jina ni zito zaidi, kwa sababu Mtume mwenyewe anaitwa Bashir kwenye Qurani. Na kwenye kisa cha Nabii Yusuf, aliyempelekea mzee Yaakub kanzu ya mwanawe mpaka macho yakaona tena ndiye anaitwa al-bashir. Ndiyo maana akina Bushiri na Bashiri ni kibao kuanzia Tanga mjini mpaka huku milimani Lushoto.

Sasa mtu mwenyewe. Baba yake alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Harthi, mama yake anatajwa kuwa Muoromo. Wale Harthi na masultani wa Zanzibar hawakupikika chungu kimoja: mwaka 1859 walimuunga mkono Barghash kutaka kumpindua kaka yake Majid, wakashindwa. Bushiri alifanya biashara za misafara bara, akapigana na Mirambo upande wa Tabora, kisha akatulia Pangani na shamba la miwa. Tusimpake mafuta: shamba lile lililimwa na watumwa, na madeni yalikuwa yanamkaba.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa akaikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Agosti wakaja kuchukua. Pangani aliwekwa Emil von Zelewski, mtu jeuri kweli. Akateremsha bendera ya Sultani kwa nguvu ya askari wa manowari, na msikitini wakaingia na mbwa, tena siku za Idi Kubwa. Mji ukalipuka. Bushiri hakuuanzisha huo moto, ila watu walipotafuta mtu wa kuwaongoza, yeye ndiye aliyekuwa tayari. Wajerumani kwao waliita uasi wa Waarabu. Uongo huo, maana waliokuwemo ni Wazigua, Wabondei, Waswahili wa mjini, mpaka watumwa waliokimbia.

Hapo ndipo milima yetu inaingia. Ukisimama kwenye jabali la Irente ukatazama chini, unaona Mazinde. Wakati ule Mazinde ilikuwa ya Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, na njia ya misafara ilipita mlangoni pake. Mwaka huo huo Hans Meyer na Oscar Baumann walikuwa Usambara wakipima na kuchora ramani, njiani kwenda Kilimanjaro. Pwani ilipowaka wapagazi wakatoroka, mizigo ikaishia kwa watu wa Semboja, na wazungu wawili waliposhuka kuelekea Pangani wakakamatwa na kufungwa minyororo. Bushiri aliwaachia kwa rupia 10,000. Meyer huyo huyo, tarehe 6 Oktoba 1889, akafika kileleni Kibo. Lakini Askofu Smythies wa misheni ya Magila alipozingirwa na watu wenye hasira Pangani, Bushiri alimlinda akapita salama. Mie naona alijua anapigana na nani.

Septemba 1888 aliishambulia Bagamoyo, haikuanguka. Ujerumani ikamleta Hermann von Wissmann na askari wa Kisudani kutoka Misri na wengine wa Msumbiji, na mizinga. Mei 8, 1889 boma la Bushiri karibu na Bagamoyo likavunjwa. Akakimbilia bara, akaiteketeza stesheni ya Wajerumani Mpwapwa, akarudi na Wambunga, akapigwa tena Oktoba. Mwishowe alikuwa anatembea karibu peke yake, na jumbe mmoja aitwaye Magaya akamkamata na kumkabidhi. Walimnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Bwana Heri wa Saadani aliendelea na vita mpaka 1890. Semboja naye aliona mambo yamegeuka akakubali bendera ya Kijerumani, na mali ya Meyer ikadaiwa kwake. Kampuni nayo ilikuwa imeshindwa kutawala. Sultani akalipwa marki milioni 4 pwani yote ikachukuliwa jumla, na Januari 1, 1891 serikali ya Ujerumani ikashika nchi yenyewe. Lushoto ikaja kuitwa Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao.

Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita hivyo, upo vitabuni. Wadau mnaoitwa Bushiri, wazee waliwaambia jina limetoka kwa nani?