Thomas Jefferson na Mjakazi wa Monticello

Miongoni mwa watu walioliasisi taifa la Marekani, ni wachache walioiachia dunia maandishi yenye nguvu kama Thomas Jefferson, mzaliwa wa Virginia. Yeye ndiye aliyeandika rasimu ya Azimio la Uhuru la mwaka 1776, ambalo kwalo makoloni 13 yalijitenga na Uingereza na kuutangazia ulimwengu usawa wa binadamu wote. Baadaye alikuwa Gavana wa Virginia, Balozi nchini Ufaransa, Waziri wa Mambo ya Nje katika serikali ya George Washington, Makamu wa Rais, na hatimaye Rais wa 3 tangu mwaka 1801 hata 1809. Mwaka 1803 aliinunua Louisiana kutoka kwa Wafaransa kwa dola milioni 15, na kwa ununuzi huo eneo la nchi yake likawa karibu maradufu. Sisi tuliopita katika chuo cha makadeti tunayo sababu nyingine ya kulikumbuka jina lake, kwani ni yeye aliyetia sahihi, mwaka 1802, sheria iliyoanzisha chuo cha kijeshi cha West Point.

Hizo ni sifa zake, nazo hazipingiki. Lakini kwa muda wa zaidi ya miaka 200 jina hilo limefuatwa na jina la pili, la mwanamke asiyeacha hata barua moja, ambaye hatuna picha yake, na ambaye katika daftari la mali ya Jefferson aliandikwa kwa jina moja tu, Sally. Walio wengi wamelitazama jambo hili kwa njia mbili. Wako wanaolifurahia kama kashfa ya mkubwa, na wako wanaosema kwamba mambo ya chumbani si ya historia, kwa hiyo tuyaache. Njia zote mbili hazimfikishi mtu kwenye hukumu ya haki, na msomaji ataona sababu yake akiisha kuijua habari yenyewe.

Jefferson alizaliwa tarehe 13 Aprili 1743. Mwaka 1772 alimwoa mjane kijana, Martha Wayles Skelton, wakakaa katika nyumba aliyokuwa akiijenga juu ya kilima, akaiita Monticello. Mwaka uliofuata baba mkwe wake, John Wayles, alifariki. Jefferson akarithi kwa mkewe maelfu ya ekari za ardhi, madeni makubwa, na watumwa 135. Katika watumwa hao alikuwamo Elizabeth Hemings pamoja na watoto wake, na kwa mujibu wa habari zilizohifadhiwa na ukoo huo na kukubaliwa na wanahistoria, 6 kati ya watoto hao baba yao alikuwa ni John Wayles mwenyewe. Kitinda mimba wao, aliyezaliwa mwaka 1773, ndiye Sally.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana lugha yetu inayo maneno ambayo wanahistoria wa Kizungu hulazimika kuyazunguka. Sally na Bibi Martha walikuwa ndugu wa baba mmoja. Basi Sally alikuwa shemeji yake Jefferson, na kwa mabinti wa Jefferson alikuwa mama mdogo. Nyumba ile ilikuwa nyumba ya jamaa moja, nusu yake wakiwa mezani, na nusu nyingine wakisimama nyuma ya viti kungoja kutumwa.

Martha aliaga dunia Septemba 1782, akiwa amechoshwa na uzazi. Inasimuliwa kuwa mumewe alimwahidi kitandani pake kwamba hataoa tena, na kweli hakuoa. Kati ya watoto 6 aliomzalia, ni mabinti 2 tu waliofikia utu uzima. Mwaka 1784 Jefferson alipelekwa Paris, na huko akapata habari kwamba mtoto wake mdogo amekufa kwa kifaduro. Kwa huzuni na hofu akaagiza aletewe binti yake Mary, ambaye nyumbani walimwita Polly, aliyebaki Virginia. Mwaka 1787 mtoto huyo wa miaka 8 akavuka bahari ya Atlantiki, na aliyefuatana naye wa kumtunza ni Sally, msichana wa miaka 14.

Ufaransa ilikuwa na desturi ambayo Virginia haikuwa nayo: mtumwa aliyefikishwa huko aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake. James, kaka yake Sally, alikuwa Paris tayari akijifunza upishi wa Kifaransa. Ndugu hao wawili walilipwa mshahara mdogo, jambo ambalo hawakupata kuliona walikotoka. Kwa habari za miaka ile tunamtegemea zaidi Madison Hemings, mwana wa Sally, aliyesimulia maisha yake katika gazeti moja la Ohio mwaka 1873. Alieleza kuwa mama yake alichukua mimba ya Jefferson huko Paris, na ulipofika wakati wa kurejea, mwaka 1789, alikataa kurudi. Jefferson akamwahidi heshima ya pekee nyumbani, tena akamwahidi kwamba watoto watakaozaliwa wataachwa huru wafikapo miaka 21. Kwa ahadi hiyo akakubali, wakarudi pamoja. Yeye alikuwa na miaka 16, bwana wake miaka 46.

Mimi nikiisoma habari hiyo, kinachonishangaza si tamaa ya mwanamume, maana hiyo ni ya zamani kama dunia. Kinachonishangaza ni yule binti. Hakuwa na wakili wala mzazi karibu, mbele yake alisimama balozi wa taifa, naye alikuwa na silaha moja tu, ardhi ya Ufaransa chini ya miguu yake, akaitumia kupatana uhuru wa watoto ambao bado hawajazaliwa. Kuna majemadari waliopatana vibaya kuliko hivyo.

Mtoto wa mimba ile, kwa kauli ya Madison, hakuishi sana. Waliozaliwa baadaye na kufikia ukubwa ni 4: Beverly, ambaye alikuwa mwanamume, mwaka 1798, Harriet, mwaka 1801, Madison, mwaka 1805, na Eston, mwaka 1808. Jefferson alikuwa mtu wa kusafiri sana, na safari zake zote zimeandikwa. Wanahistoria walipozipima tarehe, walikuta kwamba kila mimba ya Sally ilitungwa Jefferson akiwa yupo Monticello.

Habari ilitoka hadharani Septemba 1802, yeye akiwa Rais. James Callender, mwandishi aliyekuwa mfuasi wake kisha akawa adui yake kwa kunyimwa cheo, aliitangaza katika gazeti la Richmond kwa maneno machafu ya kumdhalilisha mwanamke yule. Jefferson hakumjibu hadharani mpaka kufa kwake. Baada yake wajukuu wake walisema wahusika walikuwa wapwa zake, wana wa dada yake kutoka ukoo wa Carr, na kwa zaidi ya karne moja wasomi wengi wakaridhika na jawabu hilo. Ushahidi wa Madison, mtu aliyezaliwa mtumwa, uliwekwa kando kama porojo. Ilikuwa mwaka 1997 ambapo mwanasheria Annette Gordon-Reed alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi maneno ya watumwa yalivyokataliwa bila kupimwa, na maneno ya mabwana kupokewa bila kuulizwa. Mwaka uliofuata uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa mzao wa Eston ana alama ya ukoo wa Jefferson kwa upande wa kiume, na kwamba akina Carr hawahusiki. Mwaka 2000 shirika linaloitunza Monticello likakiri kwamba yaelekea sana Jefferson ndiye baba wa watoto wote wa Sally. Wako wasomi wachache waliobaki na shaka, wakimtaja mdogo wake, Randolph. Lakini hoja yao haielezi zile tarehe za safari, wala haielezi kwa nini ni watoto wa mwanamke huyu peke yake walioachwa huru wote.

Sasa tufike kwenye hukumu. Wanaomtetea husema huenda walipendana. Huenda. Mapenzi yaliyodumu miaka zaidi ya 30 si jambo dogo, wala hapana mtu awezaye leo kuingia katika moyo wa Sally akatuletea habari. Lakini swali lenyewe limewekwa mahali pasipo pake. Katika jeshi lolote lenye nidhamu, afisa hukatazwa kujichukulia askari aliye chini ya amri yake awe mpenzi wake, hata kama askari huyo atasema kwa kinywa chake kwamba ameridhia. Sababu ni nyepesi: mwenye uwezo wa kukutuma, kukuadhibu na kukuhamisha hawezi kamwe kujua kama ndiyo yako ni ndiyo ya moyo au ni ndiyo ya woga. Na askari ana mwisho wa mkataba, ana baraza la kulalamikia, ana kwao. Mjakazi wa Virginia hakuwa na hata kimoja. Sheria haikumpa neno la kukataa, basi hata neno lake la kukubali halina mizani ya kupimia.

Kwa hiyo, hayo hayakuwa maisha ya faragha. Faragha ni ya watu wawili wenye nafsi zao. Mmoja akiwa ameandikwa katika hesabu ya mali ya mwenzake, jambo hilo ni la utawala, nalo hupimwa kama utawala mwingine wowote. Watoto wale 4, ambao kwa nasaba walikuwa Wazungu kwa sehemu 7 kati ya 8, walizaliwa watumwa wa baba yao, kwani sheria ya Virginia ya mwaka 1662 ilimfuatisha mtoto hali ya mama. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka neno suria, lakini neno hilo halitufai hapa. Katika pwani yetu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alizaliwa huru na kurithi pamoja na nduguze, na Sayyid Barghash wa Zanzibar, mwana wa suria, alikalia kiti cha usultani. Sitaji hayo kuusifu utumwa wa pwani, ambao nao ulikuwa na minyororo yake. Nataka tu ieleweke kwamba Jefferson aliishi chini ya sheria iliyomruhusu baba kummiliki mwanawe, na hakuibadili. Majina ya watoto hao yamo katika daftari la shamba, kwa mwandiko wake mwenyewe, pamoja na mgao wa nguo na chakula cha watumwa wengine. Madison alikumbuka kuwa mzee yule alikuwa mpole kwa watu wote, ila mapenzi ya baba hakuwaonyesha wao. Hayo aliwapa wajukuu wake Wazungu.

Wengine hutuambia kwamba tusimhukumu mtu kwa kipimo cha zama zisizo zake. Vema, na tumpime kwa zama zake. Tangu mwaka 1782 sheria ya Virginia ilimruhusu bwana kuwaacha huru watumwa wake. Mwaka 1791 Robert Carter, tajiri wa jimbo hilo hilo, alianza kuwaacha huru zaidi ya watumwa 450. Washington aliagiza katika wasia wake wa mwaka 1799 kwamba watumwa aliowamiliki yeye waachwe huru. Mwaka 1814 kijana Edward Coles alimwandikia Jefferson kumsihi aongoze harakati za kuukomesha utumwa. Akajibiwa kwamba kazi hiyo ni ya vijana. Coles akaondoka na watumwa wake mwaka 1819, akawapa uhuru wao na ardhi huko Illinois. Tena Jefferson mwenyewe alikuwa ameandika kitabuni kwamba utumwa huwafundisha watoto wa mabwana udhalimu, na katika kitabu hicho hicho akadai kuwa Waafrika wana upungufu wa akili na kwamba, wakiachwa huru, wapelekwe mbali ili damu zisichanganyike. Aliyajua hayo yote. Katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600.

Ahadi ya Paris, hata hivyo, aliitimiza, nayo lazima iandikwe upande wake. Mwaka 1822 Beverly na Harriet waliondoka Monticello. Daftarini aliwaandika kuwa wametoroka, lakini hakumtuma mtu kuwafuata, na mnyapara alisimulia kwamba aliagizwa ampe Harriet dola 50 za safari. Madison na Eston waliachwa huru kwa wasia. Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili baada ya Azimio la Uhuru, akiacha deni la zaidi ya dola 100,000. Wasia ule uliwaacha huru watu 5 tu, na Sally hakuwamo. Januari 1827 watumwa 130 wa Monticello walipigwa mnada. Joseph Fossett, mhunzi, alikuwa mmoja wa wale 5. Mkewe Edith, aliyekuwa mpishi wa Rais, pamoja na watoto wao, walikuwa miongoni mwa waliouzwa.

Sally aliruhusiwa kimya kimya na binti wa Jefferson kuondoka, akaishi na wanawe mjini Charlottesville mpaka alipofariki mwaka 1835. Eston alihamia Ohio, kisha Wisconsin, na huko akalichukua jina la Jefferson na kuhesabiwa kuwa Mzungu. Mwanawe, John Wayles Jefferson, alijiunga na jeshi la Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaongoza kikosi cha 8 cha askari wa miguu wa Wisconsin, akapanda hata cheo cha kanali, katika vita vile vilivyouvunja utumwa. Siku moja alikutana na mtu aliyemfahamu tangu Ohio. Alimsihi asimwambie yeyote kwamba ana damu ya Kiafrika, kwa sababu askari wake hawakulijua jambo hilo.