Duane Jones, Mwalimu Aliyepambana na Misukule

Duane Jones alizaliwa New York Februari 1937. Alisoma Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akaenda Paris kusoma Sorbonne, akarudi kufundisha Kiingereza na fasihi. Yaani ni mtu wa kada yetu kabisa, wana wa ualimu.

Mwaka 1967 vijana waliozoea kutengeneza matangazo ya televisheni pale Pittsburgh, wakiongozwa na George Romero, waliamua kupiga filamu ya misukule. Studio hawakuwa nayo. Bajeti nzima ilikuwa kama dola 114,000, damu yenyewe sharubati ya chokoleti. Jones akajaribiwa nafasi ya Ben, akaipata. Kwenye maandishi Ben alikuwa dereva wa lori mwenye maneno makali. Jones akakataa kuongea vile, akayasuka upya maneno yake. Ndiyo maana Ben tunayemwona ni mtu mtulivu anayepigilia mbao madirishani huku akifikiri.

Filamu hiyo ni Night of the Living Dead, na mtu akiidharau kwa sababu haina rangi wala madoido ya kompyuta, mimi naona ameangalia pasipotakiwa kuangaliwa. Angalia nani anatoa amri ndani ya nyumba ile. Mtu Mweusi, Marekani ya 1968, anawaamrisha Wazungu, na kuna mahali anampiga mwanamke wa Kizungu aliyechanganyikiwa kwa hofu. Hakuna anayetaja rangi yake hata mara moja. Jones mwenyewe aliijua hatari ya tukio lile nje ya ukumbi wa sinema.

Halafu mwisho (samahani kama hujaiona). Ben anamaliza usiku akiwa hai, asubuhi waokoaji wanamdhania msukule, wanampiga risasi. Lilipokuja wazo la kumwokoa, Jones alilipinga. Aliona watazamaji Weusi wangeheshimu zaidi kifo kile kuliko wokovu wa kubandika. Aprili ile Martin Luther King aliuawa. Filamu ikatoka Oktoba, na risasi ya Ben ikawa nzito kuliko ilivyokusudiwa.

Pesa? Jina la filamu lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki lilisahaulika, waliotengeneza wakaikosa haki yao Marekani. Ndiyo maana ipo bure mtandaoni, ni bando lako tu.

Mwaka 1973 akacheza Ganja & Hess ya Bill Gunn, akiwa Dk. Hess, msomi anayegeuka mnyonya damu. Wenye fedha walitaka kitu cha kuuza haraka kama Blacula. Gunn akawapa filamu ya imani, uraibu na mapenzi. Ilionyeshwa Cannes, lakini nyumbani wakaikatakata na kuibadilisha jina. Nakala nzima ilisalia kwenye jumba la makumbusho la MoMA, New York. Kwangu mimi, hapa Jones ameigiza vizuri kuliko kwa Ben, ingawa inahitaji subira.

Yeye hakupenda kuitwa Ben maisha yake yote, na mahojiano aliyokubali kuhusu filamu ile ni machache. Alisimamia idara ya fasihi Antioch College, akaongoza tamthilia, kisha akafundisha chuo cha Old Westbury, New York. Alifariki 22 Julai 1988, miaka 51. Pale Old Westbury kuna ukumbi wa muziki wenye jina lake.