Robert Koch: Sura ya Kijidudu na Kiasi cha Mwanga

Robert Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, tarehe 11 Desemba 1843. Alikuwa daktari wa wilaya alipoanza kuchunguza vijidudu kwa hadubini nyumbani mwake. Wakati huo watafiti walichora kwa mkono walichokiona, na mara nyingi walichokiamini. Koch alitaka picha ya kamera.

Hapo alikutana na jambo linalomfaa sana mwalimu wa sayansi. Kijidudu kilichotiwa rangi ya buluu kilionekana dhahiri kwa jicho, lakini kilififia pichani. Vioo vya picha vya siku zile viliathiriwa zaidi na mwanga wa buluu, nayo rangi ya buluu huupitisha. Kioo hakikujua umbo; kilipokea kiasi cha mwanga tu. Koch akatumia rangi ya kahawia, ambayo huuzuia mwanga huo, na mwaka 1877 picha zake zikachapishwa. Basi kuona sura ni kazi moja, na kupima mwanga ni nyingine, hata kwa hadubini ile ile. Katika miaka ya 1930 Torbjörn Caspersson wa Sweden alipima mwanga uliofyonzwa ndani ya seli, akakadiria wingi wa asidi za nukleiki zilizomo.

Mwalimu wa Butiama asiye na hadubini aweza kuchora mstari wa buluu na wa kahawia juu ya karatasi nyeupe, kisha wanafunzi waitazame kupitia karatasi angavu ya buluu. Mmoja utafifia, mwingine utakolea. Wakisie sababu kabla ya kuambiwa.

Koch aligundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka 1906 alifika ziwani kwetu, akapitia Mwanza hadi visiwa vya Ssese, Uganda, kutafuta dawa ya malale. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Vimelea vilitoweka katika damu iliyotazamwa, naye akaitumainia dawa. Lakini kutoviona si kupima kwamba vimekwisha: ugonjwa ulirudi, na wagonjwa 22 wakapofuka kabisa. Hata hivyo kambi za malale zilifunguliwa, mojawapo Shirati, kaskazini ya Musoma, na atoksili ikaendelea kutumiwa. Masimulizi ya shuleni aghalabu huishia kwenye Tuzo. Sisi twaona mtoto wa Bunda astahili kuijua na sehemu hii, maana iliwahusu watu wa ziwa lake.

Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.