Cicely Saunders: Muuguzi aliyerudi darasani kwa ajili ya wanaokufa

KATIKA miaka ya 1940, mgonjwa wa saratani aliyefikia hatua ya mwisho katika hospitali za Uingereza mara nyingi alihesabiwa kuwa ameshindikana. Madaktari walipita kitandani kwake kwa haraka, na sindano ya mofini ilitolewa pale tu alipozidiwa, kwa hofu kwamba angekuwa mtumwa wa dawa hiyo. Mtu aliyefanya kazi kubwa kubadili hali hiyo ni Cicely Saunders, mwanamke aliyeanza kusomea udaktari akiwa na umri wa miaka 33.

Cicely alizaliwa Juni 22, 1918, huko Barnet, kaskazini mwa London. Mwaka 1938 alijiunga na Chuo Kikuu cha Oxford, lakini Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimfanya ayaache masomo na kwenda kusomea uuguzi katika Hospitali ya St Thomas'. Alifuzu mwaka 1944, ila maradhi ya mgongo yakamzuia kuendelea na kazi ya wodini. Hakukata tamaa. Alirudi Oxford, akamaliza shahada yake, kisha akawa ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini.

Katika kazi hiyo alikutana na David Tasma, Myahudi kutoka Poland aliyekuwa akifa kwa saratani, mbali na nchi yake na bila ndugu wa kumuuguza. Wawili hao walizungumza sana kuhusu mahali ambapo watu wa aina yake wangeweza kufa kwa utulivu. Tasma alifariki mwaka 1948 na kumwachia Cicely pauni 500, akitaka ziwe dirisha katika nyumba hiyo ambayo ilikuwa bado ndoto.

Cicely alianza kujitolea jioni katika hospitali ya St Luke's, ambako aliona wagonjwa wakipewa dawa za maumivu kwa saa maalumu, bila kungoja walie. Alipotaka kurudi kwenye uuguzi, daktari wa upasuaji Norman Barrett alimshauri asomee udaktari kwanza, kwa kuwa madaktari ndio waliowakimbia wanaokufa na wasingemsikiliza mtu asiye mwenzao.

Ushauri huo aliufuata, akafuzu mwaka 1957. Mwaka uliofuata alianza utafiti katika Hospisi ya St Joseph's, mashariki mwa London, akiandika kumbukumbu za mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Alionyesha kuwa mofini ya kunywa, ikitolewa kwa vipimo na saa zake, humwondolea mgonjwa maumivu huku akili yake ikibaki timamu. Alifundisha pia kuwa maumivu ya anayekufa si ya mwili tu. Yamo ya moyo, ya roho na ya wasiwasi juu ya familia anayoiacha.

Mwaka 1967, miaka 19 baada ya kifo cha Tasma, alifungua Hospisi ya St Christopher's, kusini mashariki mwa London, na dirisha la kumkumbuka rafiki yake likawekwa. Nyumba hiyo iliunganisha tiba, utafiti na mafunzo, na madaktari kutoka nchi nyingi walikwenda kujifunza. Mwaka 1987 Uingereza ilitambua tiba shufaa kuwa fani kamili ya udaktari.

Mbegu hiyo ilifika Afrika Mashariki. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990, na mwaka 1993 Dk. Anne Merriman akaanzisha huduma hiyo Kampala kwa kutumia mofini ya maji isiyo na gharama kubwa. Baadaye Uganda ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo, kwa kuwa vijiji vingi havina daktari.

Cicely alifariki Julai 14, 2005, akiwa na umri wa miaka 87, kwa saratani, ndani ya hospisi aliyoijenga mwenyewe. Mwaka 2010, taasisi yenye jina lake ilifunguliwa katika Chuo cha King's, London, kwa ajili ya utafiti na masomo ya juu ya tiba shufaa. Ni kumbukumbu inayomstahili, kwani huruma alikuwa nayo tangu alipokuwa muuguzi. Elimu ndiyo iliyowafanya wengine wamsikilize.