Robert Wood: Mwalimu Aliyeigeuza Sauti Kuwa Ukungu

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza: sauti ina kazi gani zaidi ya kusikika? Nikababaika, nikamwambia tutaona kesho. Jibu nimekuja kulipata kwa marehemu Robert Williams Wood.

Wood alizaliwa Concord, Massachusetts, Marekani, mwaka 1868. Kuanzia 1901 alifundisha fizikia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Jamaa hakuamini kitu mpaka akijaribu mwenyewe. Mwaka 1904 alikwenda Nancy, Ufaransa, kuona miale mipya iliyotangazwa na Profesa Blondlot. Chumba kikiwa giza, akachomoa kimyakimya kipande muhimu cha mtambo. Wenyeji wakaendelea kusoma vipimo vilevile! Habari ya miale ikaishia hapo.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, huko Toulon, alimwona Langevin akitumia ultrasaundi, sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu, na samaki wadogo wakifa majini. Hakusahau. Miaka ya 1920, yeye na tajiri Alfred Loomis walijifungia kwenye maabara ya Loomis, Tuxedo Park, New York. Waliweka bamba la kwatsi ndani ya mafuta, wakalitetemesha kwa umeme zaidi ya mara 200,000 kwa sekunde. Mafuta yakaumuka kama kichuguu, yakarusha matone. Ukungu ukatoka bila kuchemsha chochote. Matokeo waliyachapisha 1927.

Faida yake nini? Ukinyunyiza mafuta kwa shinikizo, matone hutoka makubwa kwa madogo, tena kwa kasi. Mtafiti wa moto hawezi kujua lipi limeungua vipi. Kwa ultrasaundi, mitetemo ikiongezeka matone yanakuwa madogo zaidi, na yanatoka taratibu. Pampu inaamua kiasi cha mafuta, hewa unaipangia kasi yake pembeni. Basi unabadilisha jambo moja tu, mengine unayaacha, ndipo unausoma moto.

Wood alifariki 1955. Shule niliyofundisha haina bamba la kwatsi, lakini spika kuukuu na kisahani cha maji havikosekani. Ukiweka kisahani juu ya spika na kuongeza sauti, maji yanacheza. Yule mwanafunzi bado ananidai. Ile kesho niliyomwahidi ningeanza na kisahani, ubao baadaye.